Sura ya Saba: Mtindi wa Shangazi

Tangazo la kufungwa lilikuwa bado limebandikwa mlangoni, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilikuwa ikipenya chini ya mlango huohuo bila aibu yoyote.

Koplo alisimama akanusa. "Afande, si tulifunga hapa?"

"Tulifunga," alisema Inspekta.

"Sasa nani anapika?"

Inspekta alilisoma tangazo tena, ingawa alikuwa amelisoma mara nyingi. Lilisema kwamba mkahawa huu hauruhusiwi kutoa chakula kwa mtu yeyote hadi amri nyingine itakapotolewa. Chini ya muhuri mtu alikuwa ameongeza kwa wino mwekundu: *Wenye njaa wapite nyuma.*

Inspekta, kituoni wenzake walimwita Gundi. Mwanzoni walimwita hivyo kwa siri, baadaye hadharani, kwa kuwa jalada likimnasa mikononi hakuna wa kulibandua. Hili lilikuwa limemnasa tangu Jumamosi. Siku hiyo mchana, mtu anayejulikana mji mzima kwa jina la Ulimi alikuja kula hapa pamoja na mpiga picha wake. Kazi ya Ulimi ilikuwa kula na kusema. Kila wiki alitangaza redioni habari za mikahawa aliyoizungukia, na neno lake moja lingeweza kujaza viti au kuviachia vumbi. Mwaka uliopita alisema biriani ya mkahawa huu wa Kihindi ni wali uliofiwa. Mpishi, mtoto wa pekee wa mwenye mkahawa, alipandwa na hasira akaapa mbele ya wateja kwamba siku Ulimi akirudi, atamlisha kitu asichokisahau.

Ulimi akarudi. Alikunywa glasi ya mtindi wa chumvi na bizari, akasema ni mchungu, akaanguka na kitambaa cha meza mkononi. Hakufa. Alikuwa hospitalini, amezinduka jana, na alichokumbuka ni ule uchungu tu. Maabara ilikuta dawa ya wadudu ndani ya glasi, ikaikuta pia ndani ya chungu kikubwa cha mtindi kilichokuwa jikoni. Mpishi alikamatwa ukumbini, aproni ikiwa bado kiunoni, na sasa alikuwa amesaini karatasi ya kukiri.

Mkuu wa kituo alitaka jalada lifike mahakamani mchana huu. Kilichobaki kilikuwa sahihi ya mama mtu, kwenye maelezo aliyoandikiwa tayari. Maelezo hayo Inspekta alikuwa nayo mkobani.

Walizunguka nyuma.

Mwenye mkahawa alikuwa amesimama mbele ya jiko, mfupi, ncha ya sari ameichomeka kiunoni, miwani imefungwa uzi shingoni. Mji mzima ulimwita Shangazi, hata waliomzidi umri.

"Mmekuja kula au kukamata?" aliuliza bila kugeuka. "Kama ni kukamata, ngojeni vitunguu viive. Sitaki viungue kwa ajili yenu."

"Shikamoo, Shangazi," alisema Koplo.

"Marahaba. Nawa mikono."

Koplo aliangalia mikono yake, akamwangalia Inspekta, akaenda kunawa.

"Shangazi, mahali hapa pamefungwa," alisema Inspekta.

"Nimeona. Mlibandika mbele. Nyuma hamkubandika."

"Na unampikia nani?"

"Mwanangu. Yuko kwenu anakula maharage ya kituo. Kila siku nampelekea chakula, kila siku mnakirudisha. Leo napika tena, na leo mtarudisha tena, na kesho nitapika tena. Tuone nani atachoka."

"Hawaruhusu chakula kinachotoka hapa. Sababu unaijua."

"Naijua. Ni ya kijinga."

Inspekta alitoa karatasi akaiweka juu ya meza ya kukatia mboga. Shangazi alipunguza moto, akavaa miwani, akaisoma hadi mwisho pasipo kuruka neno. Kisha akaipigapiga kwa kidole.

"Hapa pameandikwa nilimwona mwanangu akitoka stoo na kopo la dawa. Nani aliniona mimi nikimwona?"

"Hayo ndiyo maelezo unayoombwa kusaini."

"Nimeombwa," alisema Shangazi. Aliondoa kifuniko cha sufuria, kikiwa na mvuke na mafuta yanachuruzika, akakilaza juu ya karatasi. "Haya. Nimeijibu."

Koplo alianza kuangalia dari kwa makini sana.

"Mwanao ameshakiri, Shangazi."

"Mwanangu ameambiwa asiposaini, mama yake ndiye atakayelala ndani. Wakili ameniambia. Nikatalie, binti. Niangalie machoni unikatalie."

Inspekta hakukataa. Hakuwemo chumbani wakati mpishi aliposaini, lakini alikuwa amesikia, na jambo hilo lilimkera mpaka usingizi ukampaa. Alikuja na karatasi kwa sababu alitumwa. Hakuja kwa nia ya kurudi nayo imesainiwa.

"Nionyeshe stoo," alisema.

Stoo ilikuwa chumba chembamba chenye magunia ya mchele na dengu, na juu ya rafu ya mwisho, mbali na chakula, kulikuwa na kopo la dawa ya wadudu. Kwenye jalada kopo hilo lilikuwa na picha yake na maneno mazito chini yake. Inspekta alivaa glovu, akalishusha, akafungua kifuniko cha plastiki. Chini ya kifuniko, karatasi ya rangi ya fedha ya kiwandani ilikuwa bado imeziba mdomo wa kopo, haina hata mkwaruzo.

"Koplo, nani aliandika kwamba kopo hili limetumika?"

"Aliandika aliyeandika, afande."

"Alilifungua?"

"Alilipiga picha."

Inspekta alipumua kwa pua. Alilitia kopo ndani ya mfuko, akaandika mahali lilipokuwa. Halikutosha kumtoa mtu ndani. Mkuu angesema mpishi alinunua lingine akalitupa. Lakini uongo wa kwanza ulikuwa umepatikana, na kwa uzoefu wake uongo haukai peke yake.

Ukumbini viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, isipokuwa meza moja ya dirishani. Inspekta alitoa picha zilizopigwa na polisi Jumamosi akazipanga juu yake.

"Nionyeshe walivyokaa."

"Ulimi hapa, anaangalia mlango wa jikoni. Alipenda kuona kinachomjia. Mpiga picha pale, mkono wake wa kulia. Walikuwa meza ya mwisho. Wengine walishakula wakaondoka, wamebaki wawili pale mlangoni wanamalizia chai."

"Nani aliwaletea mtindi?"

"Mwanangu, mwenyewe. Alitaka kumwonyesha kwamba hamwogopi. Alileta glasi, akarudi kaunta, akasimama kule anamwangalia anywe. Mtoto ana kiburi. Amekirithi kwangu."

"Kwa hiyo glasi ilikaa mezani kwanza."

"Ilikaa. Mpiga picha alikuwa anaipiga picha. Kila sahani lazima ipigwe picha kabla ya kuliwa, chakula kinapoa, wao wanatafuta mwanga."

Inspekta alichukua picha moja akaiinua. "Na hili jagi?"

"Jagi la maji. Mteja akikaa tu, jagi linajazwa. Hiyo ilikuwa sheria ya marehemu mume wangu."

Katika picha ya polisi, jagi la shaba lilikuwa limesimama palepale mezani, maji yamefika shingoni. Inspekta alifungua maelezo ya mpiga picha akasoma kwa sauti: "*Mwenzangu alipoanguka nilikimbia jikoni kutafuta maji nimwokoe.*"

"Mtu akichanganyikiwa anakimbilia popote, afande," alisema Koplo. "Mimi nyumba ya jirani ilipoungua niliokoa mto wa kulalia."

"Inawezekana."

"Tuligongana mlangoni," alisema Shangazi. "Mimi natoka jikoni, yeye anaingia. Mkoba wake wa kamera ulinipiga ubavuni, bado panauma."

Inspekta aliinua kichwa. "Alikuwa na mkoba begani?"

"Begani."

"Na wewe ndiyo kwanza unatoka? Shangazi, mtu ameanguka, watu wote wamekimbilia ukumbini, mwanao ameshikwa na wale wateja wawili. Wewe ulikuwa unafanya nini jikoni muda wote huo?"

Shangazi alishusha miwani ikaning'inia kwenye uzi.

"Nilikuwa na kazi."

"Kazi gani?"

"Ya jikoni. Kaeni chini. Siongei na watu wenye njaa, wanasikia vibaya."

Alileta masinia mawili, kila moja lina vibakuli vyake vimeuzunguka wali wa manjano: dengu nzito, mbilingani ya kuokwa, achari ya ndimu, mtindi wenye matango. Mikate ya naan ilitoka kwenye tanuri ikiwa bado imevimba. Koplo alisema hana njaa, kisha akala kama mtu anayelipiza kisasi. Achari ilimshika ulimi, macho yakamtoka, akakimbilia mtindi akaumaliza karibu wote.

"Mtindi huu ni mtamu jamani," alisema akihema. "Unanunua wapi?"

"Kununua?" Shangazi alimkazia macho kana kwamba ametukanwa. "Mtindi wa kununua haujawahi kupita mlango ule. Huu umetokana na wa Jumamosi."

Mkono wa Koplo uliganda hewani. "Jumamosi ipi?"

"Ziko ngapi?"

Koplo aliinuka, akafunga mdomo kwa leso, akaelekea kwenye sinki. Huko alisikika akisukutua na kutaja jina la mama yake.

"Chungu cha Jumamosi kiko maabara," alisema Inspekta taratibu.

"Chungu kiko kwenu. Mbegu ninayo mimi." Shangazi alivuta kiti akakaa. "Mtindi unazaliwa na mtindi, binti. Kila siku meza zikiisha nachota upawa mmoja kwenye chungu cha leo, nakoroga kwenye maziwa ya kesho. Maziwa yawe yamechemka, yakapoa mpaka kidole kinavumilia. Yakiwa moto yanaiua mbegu. Yakiwa baridi hayashiki. Nafunika, navika blanketi, asubuhi yameganda. Mbegu hii nilipewa na mama mkwe siku niliyoingia nyumba hii, na haijakatika hata siku moja. Polisi wenu walipopekua waliliona blanketi pale karibu na tanuri wakadhani ni matandiko."

"Jumamosi uliichota wakati gani?"

Shangazi alikunja mikono. "Alipoanguka."

"Kabla au baada?"

"Baada. Nilisikia kishindo, nikasikia mwanangu anapiga kelele, wasaidizi wote wakakimbilia ukumbini. Maziwa yalikuwa yamefika kwenye kidole. Maziwa hayamngoji mtu. Nikachota, nikakoroga, nikafunika, ndipo nikatoka." Aliinua kidevu. "Haya, sasa umejua. Mtu anakata roho ukumbini, na mimi nakoroga maziwa. Ndiyo maana sikusema. Andika, na andika pia kwamba siombi radhi."

"Na umeula tangu lini?"

"Tangu Jumapili asubuhi, kila siku. Nilimwambia yule askari wenu mwenye masharubu: mtindi wangu hauna sumu, naula na bado nasimama. Akaniambia bibi nenda kapumzike."

Inspekta aliweka kipande chake cha naan chini. Alisukuma sinia pembeni, akazipanga upya zile picha, moja baada ya nyingine, na Koplo aliyerudi na uso umelowa maji alijua dalili hiyo. Alikaa akanyamaza.

"Sikiliza," alisema Inspekta. "Ulimi yuko sakafuni tayari. Shangazi anachota upawa mzima kwenye chungu, na mtindi wake unaganda vizuri, anaula, haumdhuru. Maana yake wakati ule chungu kilikuwa safi. Lakini sisi tulipofika tukakifunga na kukipeleka maabara, kilikuwa na sumu. Imeingia lini?"

"Hapo katikati," alisema Koplo.

"Mpishi alikuwa wapi hapo katikati?"

"Ameshikwa ukumbini. Hakurudi jikoni tena, wala wasaidizi. Tulimtoa kwa mlango wa mbele." Koplo alishika kichwa. "Afande, aliyeingia jikoni ni mmoja tu."

"Glasi ilitiwa sumu hapa mezani, wakati wa kupiga picha. Chungu kilitiwa baadaye, ili ionekane imetoka jikoni."

"Basi tumemaliza!"

"Hatujaanza. Mkuu atasema hayo ni maneno ya mama."

"Na kweli ni ya mama."

"Ndiyo. Sasa tumtafute mtu asiye mama ayaseme."

Alimpigia Mkuu simu akiwa amesimama dirishani. Sauti ya Mkuu ilisikika mpaka kwenye kaunta. Alitaka kujua ni nani aliyemruhusu ofisa wake kula kwenye eneo la tukio, na mtindi umekuwa ushahidi tangu lini, na iko wapi sahihi.

"Sahihi imekataliwa, Mkuu. Njoo uichukue mwenyewe."

"Inspekta, jalada hili linafungwa leo. Nikija hapo nakuvua cheo."

"Njoo univue. Mimi sitoki hapa."

Alikata simu. Kisha akampigia mpiga picha, kwa sauti ya mtu aliyechoka na makaratasi, akamwomba afike mara moja aonyeshe nani alikaa wapi, ili jalada lifungwe. Mpiga picha alisema atafurahi kusaidia. Shangazi, aliyekuwa amesikia yote, alirudi jikoni akabandika maziwa motoni kama vile siku ni ya kawaida.

Mkuu alifika na kofia kwapani, amekunja uso, lakini tumbo lake lilikuwa limeshasikia harufu na lilimtangulia mlangoni. Mpiga picha aliingia nyuma yake, kijana mtanashati wa sauti laini, mkoba wa kamera begani. Alimpa Shangazi pole kwa heshima zote. Alionyesha viti vizuri, pasipo kosa: hapa mwenzangu, hapa mimi, pale mpishi. Inspekta akamshukuru, akawaomba wote wakae, na Shangazi akaweka mbele ya kila mmoja naan na bakuli la mtindi.

"Hatukuja kula," alisema Mkuu.

"Hamtakula bado," alisema Inspekta. "Shangazi, waambie ulichoniambia."

Shangazi aliwaambia. Hakupunguza neno: kishindo, maziwa kwenye kidole, upawa kutoka kwenye kile chungu kilichoko maabara, mtu akiwa sakafuni. Alipomaliza alimega naan, akachovya kwenye bakuli lake, akala akimwangalia Mkuu.

Mkuu alilisukuma bakuli lake kwa ncha ya kidole hadi katikati ya meza. Koplo alikalia mikono yake. Mpiga picha alitikisa kichwa kwa huruma, akamega naan, akachovya, akatia mdomoni.

"Bwana wewe, acha!" Mkuu aliruka. "Huo umetoka kwenye chungu cha sumu!"

"Usihofu, Mkuu," alisema mpiga picha huku akitafuna. "Huu ulichotwa kabla."

"Kabla ya nini?" aliuliza Inspekta.

Taya za mpiga picha zilipunguza mwendo.

"Kabla ya nini?" Inspekta alirudia. "Mwenzako alikuwa ameshaanguka. Shangazi amesema mara mbili."

"Kabla ya... ya sumu kuwekwa."

"Iliwekwa lini?"

"Sijui. Mpishi ndiye anajua. Si aliiweka chunguni, akachota glasi, akamletea?"

"Kama aliiweka chunguni ndipo akachota glasi, basi sumu ilikuwemo Ulimi alipokunywa, ilikuwemo alipoanguka, na ilikuwemo Shangazi alipotia upawa. Kwa hesabu yako na ya Mkuu, unachotafuna ni sumu. Mkuu anaamini hivyo, ndiyo maana hali. Koplo haamini kitu ila anajipenda, naye hali. Shangazi anakula kwa sababu anaujua mtindi wake. Wewe umekula kwa nini?"

"Nina njaa tu." Alicheka, na kicheko hakikupata mwenzake.

"Inspekta, njaa siyo kosa," alisema Mkuu. "Tena ni upawa mmoja katika sufuria zima la maziwa. Sumu ikichanganywa hivyo inapungua nguvu. Pengine haidhuru tena."

"Ndicho nilichomaanisha!" alidakia mpiga picha. "Imepungua."

"Hukusema imepungua. Ulisema kabla." Inspekta alilivuta lile bakuli kutoka katikati ya meza akalirudisha mbele ya mkubwa wake. "Lakini Mkuu naye amesema haidhuru. Basi kula, Mkuu."

Mkuu aliliangalia bakuli. Kipande cha tango kilikuwa kikielea juu yake. Alimwangalia Shangazi, akamwangalia kijana mtanashati aliyekula bila kufikiri mara mbili, na macho yake yakabaki kwa kijana. Hakula. Lakini kofia aliyokuwa ameishika kama mtu anayetaka kuondoka, aliiweka mezani.

"Mkoba," alisema Mkuu.

"Ni wa kamera tu, Mkuu."

"Jumamosi mwenzako yuko sakafuni," alisema Inspekta, "jagi la maji limejaa mbele ya pua yako, na wewe unakwenda jikoni kutafuta maji na mkoba wa kamera begani. Sasa hivi pia hujauweka chini tangu ufike. Uweke."

Koplo aliupokea kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kamera, lenzi, vitambaa vya kufutia. Kwenye mfuko mdogo wa ubavuni hakukuwa na kitu, ila kitambaa cha ndani kilikuwa na doa jeupe lililokauka kwa umbo la chupa ndogo. Alilinusa, akarudisha kichwa nyuma kwa haraka. Mkuu akanusa mwenyewe. Alikuwa na shamba la mboga nyumbani kwake, na harufu ile aliijua.

Mpiga picha aliangalia mlango. Koplo alikuwa ameshasimama hapo.

"Mnajua ni nani aliyekuwa anamwandikia Ulimi?" Sauti laini ilikuwa imekauka. "Kila neno! Yeye hajui kuandika hata barua. Mimi nilionja, mimi niliandika, yeye akasoma redioni, watu wakampigia makofi yeye. Wali uliofiwa, mlicheka mji mzima, ni maneno yangu yale! Na wiki ijayo alikuwa anaanza kipindi kipya na mtu mwingine. Aliniambia hapahapa, tukisubiri chakula, kana kwamba ananiagiza chumvi."

"Na dawa ulikuja nayo," alisema Inspekta. "Kwa hiyo ulijua kabla hajakuambia."

Shangazi alikuwa ameinuka. Katika siku zote hizo hakuna aliyemwona akipoteza utulivu, wala polisi walipomchukua mwanawe, wala tangazo lilipobandikwa. Sasa alipiga meza kwa kiganja.

"Kumbe ni wewe uliyesema biriani yangu imefiwa?"

"Shangazi," alisema Inspekta.

"Hapana, niache nimwambie. Mwanangu amelala chini kwa ajili yako, hilo utajibu mahakamani. Lakini biriani yangu utaijibu hapa. Umekula mara ngapi kwenye meza hii? Mara zote sahani ilirudi nyeupe. Nyeupe! Halafu unakwenda kuandika imefiwa?"

Kijana aliinamisha kichwa. Koplo alimtia pingu akamtoa kwa mlango wa nyuma, akipita katikati ya harufu ya vitunguu.

Mkuu alibaki amekaa. Alitoa simu, akaishika muda mrefu bila kupiga.

"Mahakama wanangoja jalada," alisema.

"Wapelekee," alisema Inspekta. "Lenye jina lingine juu. Na ile karatasi ya kukiri itakuwemo ndani, pamoja na jina la aliyemtisha kijana kwa mama yake. Nitaliandika mwenyewe."

"Unajua jina lenyewe?"

"Nimelipigia saluti miaka yote hii, Mkuu."

Walitazamana. Mkuu ndiye aliyepeleka macho pembeni kwanza. Alipiga simu, akasema mpishi aachiliwe sasa hivi, aletwe kwa gari, na apewe vitu vyake vyote. Alipokata, Shangazi alikuwa mbele yake na karatasi yenye duara kubwa la mafuta.

"Hii yako. Haijasainiwa. Na lile tangazo pale mbele, ulilibandika kwa mkono wako. Nilikuwa nakuangalia dirishani. Utalibandua kwa mkono huohuo."

"Kuna utaratibu wa kuliondoa, mama. Inabidi..."

"Mimi ni Shangazi. Na utaratibu ni kucha."

Inspekta alikaa akamsikiliza mkubwa wake akikwaruza mlango kwa kucha, vipande vidogo vidogo, akisonya. Alilivuta bakuli lake la mtindi, lile alilolitelekeza asubuhi, akaula wote. Ulikuwa mzuri kweli. Hakujua kama kesho angekuwa na kazi, na kwa muda ule hakujali.

Koplo, baada ya kumfungia mpiga picha garini na askari wa Mkuu, alirudi jikoni kutafuta naan iliyobaki. Sufuria la maziwa lilikuwa limeteremshwa kando ya jiko, na mbegu ilikuwa kwenye bakuli pembeni, upawa juu yake. Alinawa mikono, akatumbukiza kidole kama alivyosikia inavyofanywa, akahesabu kimoyomoyo. Kidole kilivumilia.

Alitoka mbio hadi mlango wa mbele. Shangazi alikuwa ameketi kwenye ngazi, aproni safi ya mwanawe mapajani, mikono imetulia juu yake, macho yamekaza barabarani kule magari ya kituo yanakotokea.

"Shangazi! Maziwa yamefika kwenye kidole!"

"Nimesikia."

"Si umesema hayangoji mtu? Yatapoa!"

"Yapoe," alisema Shangazi, na hakugeuza kichwa.